Maswali Yenu: Pera na Chakula, Chai Baadaye

Barua nyingi za toleo hili zimehusu matunda yenye asili ya misitu ya mvua: pera, paipai, avokado na stafeli kutoka Amerika ya kitropiki, fenesi kutoka misitu ya kusini-magharibi mwa India, na yale yanayoota katika msitu wetu wa Kakamega. Tumechagua maswali ambayo wengi wanauliza. Vipimo vya virutubisho tunavyotaja ni vya gramu 100 za sehemu inayoliwa, isipokuwa tukieleza vingine.

Hamjambo. Nina mimba ya miezi mitano na kliniki wameniambia damu imeshuka hadi 9.8. Shangazi ananihimiza nile mapera kwa wingi. Nyumbani hatukosi maharagwe, kunde na mboga ya saga (mgagani). Je, mapera yataniongezea damu?
*Mama wa Luanda, Vihiga*

Pole, mama. Shangazi hajakosea, ila pera haliongezi damu kwa njia ambayo wengi wanadhani. Lenyewe lina madini ya chuma kidogo mno, kama robo ya miligramu tu. Chuma unacho tayari, kimo kwenye maharagwe, kunde na saga. Shida ni kwamba chuma cha mimea hakifyonzwi kwa urahisi. Sehemu kubwa yake hupita utumbo na kutoka bila kukufaa.

Hapo ndipo pera linafanya kazi. Lina vitamini C miligramu 228 hivi, na chungwa lina kama 53 tu. Vitamini C hukigeuza chuma cha mimea kikawa katika hali ambayo utumbo unaweza kukipokea, na hukizuia kisinaswe na fitati, kemikali za asili zilizo kwenye maharagwe. Miligramu 50 za vitamini C katika mlo mmoja zinaweza kuongeza chuma kinachofyonzwa mara mbili hata tatu. Pera moja la wastani, lenye gramu 55, lina zaidi ya maradufu ya kiwango hicho.

Sharti vikutane tumboni. Pera la saa nne asubuhi haliwezi kusaidia maharagwe ya saa saba mchana. Kula pera moja au mawili ukiwa bado mezani, wakati wa mlo au mara tu unapomaliza. Yaoshe kwa maji yanayotiririka na usiyamenye, kwa sababu vitamini C imejaa zaidi kwenye ganda na nyama iliyo karibu nalo. Usiyachemshe wala usiyakate mapema ukayaacha wazi, maana joto, hewa na mwanga huipunguza vitamini hiyo. Chagua yaliyoiva. Pera bichi lina tanini nyingi, na tanini hufunga choo na pia hushika chuma.

Tanini hiyo hiyo ndiyo sababu tunakusihi uiondoe chai mezani. Kikombe kimoja pamoja na chakula kinaweza kupunguza chuma unachopata kwa zaidi ya nusu, na maziwa ndani ya chai hayaliondoi tatizo. Si lazima uache chai. Ngoja tu angalau saa moja baada ya kula, na mbili ni bora. Tumeona nyumba nyingi ambamo mboga ni nzuri na maharagwe yako tele, lakini chupa ya chai inafika mezani pamoja na ugali. Maharagwe nayo yaloweke usiku kucha, kisha umwage maji hayo kabla ya kuyachemsha, ili fitati zipungue.

Haya yote hayachukui nafasi ya vidonge vya kliniki vyenye miligramu 60 za chuma na mikrogramu 400 za asidi ya foliki. Endelea navyo kila siku, na uvimeze pamoja na pera badala ya chai. Kinyesi kikigeuka cheusi, usishtuke, ni chuma ambacho hakikufyonzwa. Uliza pia kama umepimwa malaria na kama ni wakati wako wa kupewa dawa ya minyoo, kwa sababu malaria na minyoo pia humaliza damu. Na paipai bichi uliepuke hadi ujifungue, kwa sababu ya utomvu wake. Lililoiva halina neno.

Nauza mafenesi yanayotoka Uganda. Wateja wanauliza yana faida gani, na wengine wanasema yanaumiza tumbo. Utomvu wake unanisumbua sana. Mbegu natupa zote. Nisaidieni.
*Mfanyabiashara wa Kibuye, Kisumu*

Kwanza mbegu, maana hapo unatupa chakula na pesa. Mbegu za fenesi zina wanga wa kutosha na protini ya kufaa. Hazifai kuliwa mbichi kwa kuwa zina kemikali zinazozuia kimeng'enya cha kusaga protini, lakini moto huziharibu kemikali hizo. Zioshe utelezi wote utoke, zichemshe kwenye maji yenye chumvi kidogo kwa dakika 25 hadi 30, kisha utoe ganda la nje jeupe. Ngozi nyembamba ya kahawia iliyobaki inaliwa. Ukipenda kuzichoma, zichanje kila moja kwa kisu kwanza, la sivyo hupasuka na kuruka. Mbegu mbichi zikikaa na unyevu huota na kuingia ukungu, kwa hiyo zianike kivulini ganda likauke kabla ya kuzifunga kwa mauzo.

Kuhusu faida, waambie wateja ukweli ulivyo: fenesi lililoiva ni tunda la nguvu kuliko la vitamini. Lina kalori 95 na wanga gramu 23, ambazo kama 19 ni sukari. Potasiamu ni miligramu 448, kuzidi ndizi yenye 358. Vitamini C ni 14 tu, kwa hiyo anayeitafuta hiyo mwelekeze kwenye mapera. Linamfaa mtu wa kazi nzito na mtoto wa shule anayerudi na njaa.

Tumbo huuma kwa sababu zinazojulikana. Fenesi huenda halijaiva vizuri, au mtu amekula vipande kumi na vitano kwa mara moja na sukari ile ikachacha utumboni na kuleta gesi, au kisu na ndoo ya maji vilikuwa vichafu. Hiyo ya mwisho ndiyo iliyo mikononi mwako. Osha ganda kabla ya kulipasua, kwa sababu kisu hubeba uchafu wa nje na kuuingiza ndani. Usikisuuze kisu katika beseni moja tangu asubuhi hadi jioni. Vipande vilivyokatwa vifunike, na kwa joto la Kisumu, bila barafu, viuzwe ndani ya saa mbili. Kata kidogo kidogo kadiri wateja wanavyokuja.

Lililoiva lina harufu tamu ya kusikika kwa mbali, miiba yake imetandazika, na ukilibonyeza kwa kidole gumba linakubali kidogo. Kuhusu utomvu, maji hayausaidii, huufanya ugande tu. Kabla ya kukata, paka mafuta ya kupikia kwenye kisu, viganja vyote viwili na ubao. Pasua kwa urefu, kisha ufute utomvu mweupe kwa gazeti mara kadhaa mpaka uache kutoka. Kata ule moyo mgumu wa katikati wote, kwa sababu ndiko utomvu unakotoka kwa wingi. Baada ya hapo vipande vya manjano hutoka kwa kuvutwa na vidole. Ukimaliza, jisugue mikono kwa mafuta kwanza, halafu ndipo sabuni. Mteja anayewashwa na glovu za mpira aonje kidogo kwanza, kwa sababu baadhi ya watu wa namna hiyo hudhurika na fenesi pia.

Mimi ni mzee wa miaka 63, nina kisukari na natumia metformini. Nimeambiwa niache matunda yote, na nimeuziwa unga wa mbegu za zambarau eti utashusha sukari. Niendelee nao?
*Mzee wa Lanet, Nakuru*

Mzee wetu, usiache matunda. Uache juisi, hata ile isiyotiwa sukari. Bilauri moja ya juisi ya embe humeza maembe mawili au zaidi, na ikichujwa nyuzinyuzi zinazopunguza kasi ya sukari hubaki kwenye chujio. Tunda zima hutafunwa polepole, hushibisha, na sukari yake huingia kwenye damu taratibu.

Kipimo kimoja ni kile chenye gramu 15 hivi za wanga. Hiyo ni mapera mawili ya wastani, au bakuli dogo la paipai (gramu 140), au embe gramu 100, au nanasi gramu 115, au nusu ya ndizi kubwa, au vipande vitatu vya fenesi, gramu 65 tu. Chukua kipimo kimoja kwa wakati, baada ya mlo wenye mboga na protini. Kama una mashine ya kupima, jipime saa mbili baadaye uone mwili wako unavyolipokea kila tunda, maana watu hutofautiana. Avokado haipandishi sukari sana, lakini kalori zake ni 160, kwa hiyo robo yake inatosha mlo mmoja.

Unga wa zambarau tunaona hauna sababu ya kukutoa pesa. Madai yake yametokana zaidi na majaribio kwa panya. Huko Brazil chai ya majani ya mzambarau ilijaribiwa kwa watu na haikushusha sukari. Zambarau zilizoiva, kwa msimu wake, kula kwa kipimo, ni tunda zuri. Ukiwa umeshaanza kutumia unga huo, mwambie daktari wako, na kwa vyovyote usipunguze metformini.

Jambo moja zaidi, kwa kuwa kisukari huharibu figo polepole. Siku daktari akikuambia potasiamu iko juu, orodha hii hubadilika: avokado (miligramu 485), fenesi na ndizi hupunguzwa kwa maelekezo yake. Karambola, lile tunda lenye pembe tano ambalo likikatwa hutoa umbo la nyota, mgonjwa wa figo asiliguse kabisa. Lina sumu ambayo figo zenye afya huitoa, lakini figo dhaifu hushindwa, ikapanda kichwani. Huanza kwa kwikwi isiyokoma, kisha kuchanganyikiwa na degedege, na imeua watu.

Kituoni walisema dawa ya malaria ya AL imezwe na chakula. Mtoto akiwa na homa hataki kula. Je, tunda linatosha? Nyumbani tuna balungi na avokado.
*Mwalimu wa Ahero*

Avokado, mwalimu. Balungi liweke kando hadi dozi iishe.

AL ni mchanganyiko wa dawa mbili, artemeta na lumefantrini, na hiyo lumefantrini huhitaji mafuta ili ifyonzwe. Bila mafuta, sehemu kubwa hupita bure na vimelea vinaweza kubaki. Hayahitajiki mafuta mengi: utafiti mmoja ulionyesha kwamba gramu 1.2 tu, zilizopatikana katika mililita 36 za maziwa ya soya, zilitosha kufikisha ufyonzaji karibu na kilele chake. Avokado ina mafuta gramu 15 katika kila 100. Vijiko viwili vikubwa vilivyopondwa, hata ndani ya uji mwepesi, vinazidi hitaji hilo. Mpe pamoja na kila dozi, siyo ya kwanza peke yake. Dozi ya pili hufuata saa 8 baada ya ya kwanza, kisha asubuhi na jioni kwa siku mbili. Paipai, chungwa au nanasi peke yake havifai kwa kazi hii, kwa sababu karibu havina mafuta.

Balungi hupunguza nguvu ya kimeng'enya cha utumbo kinachovunja dawa nyingi, zikiwemo hizi, kwa hiyo kiasi cha dawa kwenye damu hubadilika bila wewe kujua. Hali ni hiyo hiyo kwa baadhi ya dawa za presha na za kolesteroli. Mtoto akitapika muda mfupi baada ya kumeza, rudini kituoni mkaelezwe kama dozi irudiwe.

Sisi vijana tunaotembeza wageni msituni Kakamega huulizwa kama matunda wanayokula kima yanaliwa na binadamu. Tujibu nini?
*Msomaji wa Shinyalu*

Jibuni hapana, na muwe imara. Kima na hondohondo hula matunda ya mwiritsa, mti ambao gome lake hutumika kutengenezea dawa za tezi dume, na mbegu zake zina chembechembe zinazotoa sayanidi zikitafunwa. Hondohondo hulimeza tunda na kuitoa mbegu nzima bila kuivunja. Mbega naye ana tumbo lenye vyumba na bakteria wanaovunja sumu za majani ambayo yangekulaza wewe hospitalini. Mnyama kula si ushahidi kwa mtu.

Mapera ya ukingoni mwa msitu ni salama. Mti huo si wa hapa, uliletwa, na ndege na kima ndio wanaousambaza. Mengine mleni yale tu ambayo wazee wa kijiji wameyala tangu zamani na nyinyi wenyewe mnayatambua kwa jani, ua na tunda, siyo kwa tunda peke yake. Upande wa Buyangu ni hifadhi ya taifa chini ya KWS, shirika la wanyamapori, kuchuma hakuruhusiwi. Upande wa Isecheno, ulio chini ya KFS, shirika la misitu, ulizeni ofisini kwanza. Huu ndio msitu pekee Kenya uliosalia wa jamii ya misitu ya mvua ya Kongo, na mbegu zinazobebwa na hondohondo ndizo miti ya kesho.

Maembe ya sokoni yana rangi safi nje, lakini ndani ni magumu na hayana utamu. Ni kabaidi? Nitaivishaje mwenyewe?
*Mama wa Section 58, Nakuru*

Inawezekana kabisa. Kabaidi, kemikali ambayo baadhi ya wauzaji huivishia matunda, ikipata unyevu hutoa gesi ya asetilini inayobadilisha rangi ya ganda kabla nyama haijaiva. Kabaidi ya viwandani pia huwa na masalia ya aseniki na fosforasi, na hiyo ndiyo hatari. Dalili ni rangi sawasawa pande zote, harufu ya embe isiyokuwepo hata karibu na kikonyo, na nyama iliyo ngumu katikati. Wakati mwingine kuna vumbi la kijivu kwenye ganda. Lililoiva lenyewe hunukia, na rangi yake huwa na mabaka.

Nunua mabichi yaliyokomaa, yale ambayo mabega yamejaa na kupanda juu ya shimo la kikonyo. Lililochumwa changa litanyauka tu, haliivi. Yaweke kwenye mfuko wa karatasi pamoja na ndizi mbivu mbili, funga mdomo, weka mahali penye joto jikoni. Ndizi hutoa ethilini, gesi ile ile ambayo tunda hutumia kujiivisha. Kagua kuanzia siku ya tatu. Kwa baridi ya usiku wa Nakuru huenda yakachukua wiki. Usitumie mfuko wa plastiki, unyevu huleta ukungu, wala usiyatie kwenye friji kabla hayajaiva. Avokado nazo ziivishe hivyo hivyo. Nanasi usijisumbue nalo: likishachumwa halizidi utamu, hata likigeuka manjano.

Embe likiiva, lile pamoja na mlo wenye mafuta kidogo. Rangi yake ni karotini, ambayo mwili huigeuza vitamini A, na bila mafuta sehemu kubwa haifyonzwi.

Baba yetu ana saratani. Jirani anamletea chai ya majani ya stafeli kila siku na kusema aache hospitali. Tufanye nini?
*Ndugu wa Nyalenda, Kisumu*

Poleni sana. Asiache hospitali hata siku moja. Madai ya stafeli yametoka kwenye chembe za saratani zilizomwagiwa dawa hiyo katika vyombo vya maabara. Hakuna jaribio kwa wagonjwa lililothibitisha kwamba linatibu. Kemikali inayozungumziwa, anonasini, hudhuru pia seli za ubongo. Katika kisiwa cha Guadeloupe, watafiti waliripoti mwaka 1999 kwamba wagonjwa wengi wenye aina isiyo ya kawaida ya ugonjwa wa kutetemeka na kukakamaa walikuwa wakitumia matunda ya jamii ya stafeli na chai ya majani yake kwa muda mrefu.

Kipande cha stafeli bivu mara moja moja hakina shaka. Kina vitamini C miligramu 20 hivi, na mgonjwa asiye na hamu ya kula mara nyingi hukikubali. Mbegu zitolewe zote kabla ya blenda, zina sumu. Chai ya majani ya kila siku isimamishwe, na mweleze daktari ameinywa kwa muda gani, kwa kuwa inaweza kushusha presha na sukari pamoja na dawa zake. Jirani ana nia njema. Mwombeni alete uji wenye avokado iliyopondwa, kwa sababu mgonjwa anayepungua uzito anahitaji kalori hizo.

Mtoto wangu ametimiza miezi 7. Naweza kumpa juisi ya pasheni?
*Mama wa Mumias*

Bado, dada. Juisi ya aina yoyote ingoje mpaka afikishe mwaka mmoja, na asali vilevile. Endelea kunyonyesha, na umpondee avokado au paipai bivu kwa uma, vijiko viwili au vitatu, tunda moja jipya kwa siku tatu ili ukiona upele au kuharisha ujue limetoka wapi. Pera limenywe, litolewe mbegu na kupondwa, kwa sababu mbegu zake ngumu zikijaa tumboni humfunga mtoto choo.